Namba Moja Isitawale Arobaini na Saba: Hoja Dhidi ya Ufalme wa Mkengeuko Sanifu

Mtawanyiko ni kadiri ambavyo namba za kundi moja zimeachana. Wastani husema kundi liko wapi. Mtawanyiko husema kama wastani huo unawakilisha wengi au hauwakilishi yeyote. Katika vyuo, ofisi za kaunti na ripoti za miradi nchini Kenya, mtawanyiko hupimwa kwa chombo kimoja karibu kila mara, nacho ni mkengeuko sanifu. Wastani huandikwa, hufuatwa na alama ya kujumlisha na kutoa, kisha mkengeuko sanifu, na msomaji huachwa akiamini kwamba ameelezwa kila kitu. Inashikiliwa kwamba hiki ndicho kipimo cha kisayansi kwa sababu kinatumia kila namba, na kwamba vipimo vinavyotegemea mpangilio wa namba, yaani mediani, robo na jamaa zao, ni vya mazoezi ya darasani tu. Mtazamo huo umekosea, na kosa lake linaonekana waziwazi pale ambapo namba ni za watu halisi.

Jina la Kiingereza la mkengeuko sanifu lilianza kutumiwa na Karl Pearson mwishoni mwa karne ya 19. Lilichapishwa mwaka 1894. Ukokotoaji wake unajulikana na kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne: wastani hutolewa katika kila namba, tofauti inayopatikana hupigwa kipeo cha pili, vipeo hivyo hutafutiwa wastani wao, ambao huitwa varianzi, na mwisho hutafutwa kipeuo cha pili cha varianzi hiyo. Mzozo wote umo katika hatua ya kupiga kipeo cha pili. Namba iliyo mbali na wastani mara 10 zaidi ya mwenzake haihesabiwi mara 10, bali mara 100. Wachache walio mbali hupewa kura nyingi kuliko wengi walio karibu, na kipeuo kinachotafutwa mwishoni hurudisha kizio cha namba bila kurudisha usawa wa kura.

Ushahidi upo katika jedwali ambalo kila kaunti ya Kenya inalitegemea, la sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Wakenya walikuwa 47,564,296 katika kaunti 47, sawa na wastani wa watu 1,012,006 kwa kaunti. Meru ilikuwa na watu 1,545,714, ikashika nafasi ya sita nchini. Embu ilikuwa na 608,599. Nairobi ilikuwa na 4,397,073, na Lamu, ya mwisho, 143,920. Mkengeuko sanifu wa kaunti hizo 47 ni watu wapatao 686,000.

Swali la kuuliza ni nani aliyeitengeneza namba hiyo. Vipeo vya pili vya tofauti zote 47 vikijumlishwa, Nairobi peke yake inachangia asilimia 52 ya jumla. Kiambu na Nakuru zikiongezwa, kaunti tatu zinachangia theluthi mbili, na 44 zilizobaki zinagawana theluthi moja. Mchango wa Meru ni asilimia 1.3; wa Embu haufiki hata asilimia moja. Anayesema kwamba kipimo hiki kinatumia data zote anasema kweli ya juu juu. Kinazitumia zote, lakini zaidi ya nusu ya uamuzi kimemkabidhi mmoja.

Nairobi ikiondolewa kwenye jedwali, mkengeuko sanifu wa kaunti 46 zinazobaki unaporomoka kutoka 686,000 hadi 475,000 hivi. Karibu theluthi ya kile kilichoitwa mtawanyiko wa kaunti za Kenya imetoweka pamoja na kaunti moja. Meru haikubadilika, Embu haikubadilika, wala umbali kati ya Kirinyaga na Kitui haukubadilika hata kwa mtu mmoja. Kipimo ambacho theluthi yake inategemea kuwepo au kutokuwepo kwa mji mkuu hakiwezi kuitwa maelezo ya kaunti 47.

Athari yake kwa Meru ni ya moja kwa moja. Kwa mkengeuko sanifu, Meru iko juu ya wastani kwa mikengeuko 0.78 tu, na msomaji wa ripoti atasema ni kaunti ya kawaida, kwa kuwa haijavuka hata mkengeuko mmoja. Hata hivyo, katika kaunti 47 ni tano tu zilizoizidi. Ukubwa wa Nairobi umeinyoosha rula, na juu ya rula iliyonyooshwa kila kaunti nyingine huonekana fupi. Idadi ya watu ni kigezo kimojawapo cha kugawia kaunti mapato ya taifa, kwa hiyo anayetaka kujua kama kaunti yake ni kubwa kupita kawaida haulizi kwa udadisi tu.

Kuna dalili nyingine inayotosha kumshtua yeyote anayeutumia mkengeuko sanifu kwa mazoea. Kanuni inayofundishwa ni kwamba asilimia 68 hivi ya namba huwa ndani ya mkengeuko mmoja kila upande wa wastani, na 95 ndani ya mikengeuko miwili. Katika jedwali la sensa, zilizo ndani ya mkengeuko mmoja ni kaunti 39, yaani asilimia 83. Mikengeuko miwili ikitolewa katika wastani, jibu ni hasi: kaunti yenye watu pungufu ya sifuri kwa 360,000 hivi. Hakuna mtu hasi. Kanuni hiyo ni ya mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele na pande mbili zinazolingana, na idadi za watu katika kaunti hazina umbo hilo. Mapato ya kaya hayana umbo hilo. Mvua haina. Ukubwa wa mashamba hauna. Mambo mengi ambayo afisa wa kaunti hupewa ayapime yana mkia mrefu upande mmoja, na huko ndiko mkengeuko sanifu hutumiwa kwa wingi.

Njia mbadala ni vipimo stahimilivu, yaani vile ambavyo havitikisiki kwa sababu ya namba chache zilizojitenga au zilizokosewa. Vinavyojulikana zaidi ni viwili. Masafa ya robo hupatikana kwa kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kutafuta namba iliyoacha robo ya kundi chini yake na ile iliyoacha robo ya kundi juu yake. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo masafa, na nusu ya kati ya kundi imo humo. Francis Galton aliyatumia sana mambo ya robo katika karne ya 19, kabla Pearson hajalipa jina kipimo chake. Cha pili ni mkengeuko wa kimediani. Hutafutwa mediani ya kundi, yaani namba ya katikati; kisha umbali wa kila namba kutoka kwenye mediani hiyo, bila kujali iko juu au chini; kisha mediani ya umbali huo wote. Carl Friedrich Gauss alikijadili mwaka 1816 alipokuwa akipima makosa ya uchunguzi wa nyota, na Frank Hampel akakirudisha mbele ya wanatakwimu mwaka 1974. Kwa hiyo si kweli kwamba vipimo hivi ni fasheni mpya inayotaka kuung'oa mkengeuko sanifu uliokuwepo tangu zamani. Vilikuwepo kabla ya jina lake.

Kaunti 47 zikipangwa, mediani ni ya 24, nayo ni Busia yenye watu 893,681. Robo ya chini ni ya 12 kutoka mwisho, na kaunti iliyokaa hapo ni Embu. Robo ya juu ni ya 12 kutoka mwanzo, Narok, yenye 1,157,873. Masafa ya robo ni 549,274. Nairobi ikiondolewa, robo ya chini inabaki Embu, ya juu inakuwa Kisumu yenye 1,155,574, na masafa yanakuwa 546,975. Mabadiliko ni watu 2,299, mahali ambapo mkengeuko sanifu ulibadilika kwa zaidi ya 200,000. Mkengeuko wa kimediani nao ni 272,440 Nairobi ikiwemo, na 270,973 isipokuwemo.

Ili vilinganishwe na mkengeuko sanifu, vipimo hivi hugeuzwa kwa namba maalumu zinazotokana na mtawanyo wa kawaida. Mkengeuko wa kimediani huzidishwa kwa 1.4826, na masafa ya robo hugawanywa kwa 1.349. Cha kwanza kinatoa 404,000 hivi na cha pili 407,000 hivi. Vipimo viwili vilivyofuata njia tofauti vimekutana karibu mahali pamoja, mbali na 686,000 za mkengeuko sanifu. Kwa rula hii Meru iko juu ya mediani kwa vizio 1.6, jambo linaloafikiana na nafasi yake ya sita.

Hadi hapa Nairobi ni namba ya kweli. Hatari huzidi namba inapokuwa ya makosa. Ikiwa karani anayenakili jedwali ataongeza sifuri moja mwishoni mwa idadi ya Embu, ikawa 6,085,990, mkengeuko sanifu utaruka kutoka 686,000 hadi kupita 1,000,000. Masafa ya robo yatatoka 549,274 hadi 552,775. Kosa la kidole kimoja limeharibu ripoti nzima katika kipimo cha kwanza, na katika cha pili halikusikika. Yeyote aliyewahi kupokea fomu zilizojazwa shambani kwa kalamu, zikahamishiwa kwenye kompyuta usiku na mtu aliyechoka, anajua kwamba sifuri ya ziada ni tukio la kila mradi.

Wanatakwimu wameupa udhaifu huu kipimo chake, nacho ni kiwango cha kuporomoka: sehemu ya data ambayo ikiharibika vibaya, kipimo kinaweza kupelekwa popote. Kwa mkengeuko sanifu, namba moja inatosha, hata kundi likiwa la milioni moja. Masafa ya robo huvumilia hadi karibu robo ya kundi kuharibika. Mkengeuko wa kimediani huvumilia hadi karibu nusu, na hakuna kipimo cha maana kinachoweza kuvuka hapo, kwa kuwa zaidi ya nusu ikiharibika haijulikani tena lipi ni kundi na lipi ni uharibifu.

Watetezi wa mkengeuko sanifu wana hoja nzito kuliko ile ya kutumia data zote, nayo ni ya ufanisi. Mwaka 1914 mwanaastronomia Arthur Eddington aliandika kwamba katika kazi yake, wastani wa umbali usiopigwa kipeo cha pili ulimfaa kuliko mkengeuko sanifu. Ronald Fisher alimjibu mwaka 1920 kwa hesabu ambayo hadi leo haijapingwa: data zikiwa na mtawanyo wa kawaida kamili, mkengeuko sanifu ndio unaokamua uhakika mwingi zaidi kutoka kwenye sampuli. Kipimo cha Eddington kilihitaji namba 114 hivi kufikia uhakika ambao mkengeuko sanifu hufikia kwa namba 100. Vitabu vya kiada vikalichukua jibu la Fisher, vikaacha sharti lake. Neno zito katika jibu hilo ni "kamili".

Miaka 40 baadaye John Tukey alilipima sharti hilo. Mwaka 1960 alionyesha kwamba ikiwa namba 2 tu kati ya 1,000 zinatoka kwenye mtawanyo wa kawaida ulio mpana mara tatu kuliko wa zilizobaki, ubora wote wa mkengeuko sanifu unatoweka na kipimo cha Eddington kinauzidi. Namba mbili katika elfu! Hakuna rejista ya hospitali, daftari la chama cha ushirika wala jedwali la alama za mitihani linaloweza kuapa kwamba ni safi kiasi hicho. Na uchafu huo ni mdogo mno hata mchoro wa data hauwezi kuuonyesha. Eddington aliyekuwa akitazama nyota halisi alikuwa sahihi kuhusu nyota halisi. Kazi ya Peter Huber ya mwaka 1964 ilifuata njia hiyo na kuijengea nadharia, na tangu wakati huo hoja ya ufanisi imekuwa upande wa vipimo stahimilivu, ingawa madarasa mengi hayajapata habari.

Hoja ya tatu husikika zaidi ofisini: kwamba namba zilizojitenga ziondolewe kwanza, kisha mkengeuko sanifu utumike kwa usalama. Kanuni inayotumiwa kuziondoa huwa ni ile ya mikengeuko mitatu, kwamba namba iliyo mbali na wastani zaidi ya hapo ni ya kutiliwa shaka. Hapa mshukiwa ndiye anayepewa kazi ya kujichunguza. Namba iliyojitenga huvuta wastani kuelekea kwake na kuupanua mkengeuko, kisha hupimwa kwa wastani na mkengeuko huohuo ilioupotosha.

Kinoru, mtaa wa mji wa Meru wenye uwanja wa michezo unaoitwa kwa jina lake, unatoa mfano mzuri. Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja huo, na siku ya namna hiyo haifanani na siku nyingine kwa mtu yeyote anayeuza chochote karibu na lango. Namba zinazofuata ni za kubuni, za kuonyesha hesabu tu. Kibanda cha chai kimeuza vikombe 58, 61, 55, 64, 60, 57, 62, 59 na 63 katika siku tisa, na siku ya kumi, ya sherehe, kikauza 900. Wastani wa siku kumi ni 143.9, idadi ambayo haikuuzwa siku yoyote wala haikukaribiwa. Mkengeuko sanifu wa sampuli ni 265.7. Siku ya vikombe 900 iko mbali na wastani kwa mikengeuko 2.85. Kwa kanuni ya mitatu, ni siku ya kawaida.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Katika sampuli ya namba 10, hakuna namba inayoweza kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko 2.85, hata vikombe vingekuwa 9,000 au milioni tisa. Kikomo hicho ni idadi ya namba kutoa moja, kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Kwa hiyo katika sampuli yoyote ya namba 10 au pungufu, kanuni ya mikengeuko mitatu haiwezi kukamata kitu chochote milele, na wapo wanaoitumia kwa sampuli za ukubwa huo huku wakiandika kwamba data zao hazikuwa na namba zilizojitenga. Mediani ya vikombe hivyo ni 60.5 na mkengeuko wa kimediani ni 2.5, ambao ukigeuzwa ni 3.7. Siku ya sherehe iko mbali na mediani kwa zaidi ya vizio 200. Haijifichi.

Ufichaji huohuo umo katika sensa. Nairobi ikiwemo, Kiambu yenye watu 2,417,735 iko juu ya wastani kwa mikengeuko 2.05, salama ndani ya kanuni. Nairobi ikiondolewa kama kanuni inavyodai, Kiambu inaruka hadi 3.11 na kugeuka mshukiwa mpya, bila kuongezeka hata mtoto mmoja. Nakuru nayo haikamatwi katika hatua yoyote. Kwa njia ya Tukey, ambayo humweka nje kila aliyepita robo ya juu kwa zaidi ya mara moja na nusu ya masafa ya robo, mpaka ni watu 1,981,784, na waliouvuka wanaonekana kwa mara moja: Nairobi, Kiambu, Nakuru. Mkengeuko wa kimediani ukitumiwa kwa kanuni ya vizio vitatu unawataja haohao watatu. Na baada ya kuwataja, hakuna haja ya kuwafuta. Nairobi si kosa. Ni mji wenye watu. Njia ya kufuta kwanza humlazimisha mchambuzi kuchagua kati ya kupotoshwa na Nairobi na kujifanya haipo. Kipimo stahimilivu humwondolea uchaguzi huo, kwa kuwa huiacha ndani ya jedwali bila kuipa usukani.

Hili linajibu pia lawama kwamba vipimo stahimilivu huficha tajiri mmoja katikati ya maskini, au kijiji kimoja kilichokumbwa na njaa katikati ya vilivyoshiba, kwa kuwa havimjali aliye pembeni. Lawama hiyo imegeuza mambo juu chini. Anayefichwa pembeni hufichwa na mkengeuko sanifu, kwa sababu humchanganya na wengine katika namba moja iliyovimba. Pale mtawanyiko wa walio wengi unapopimwa kwa usahihi, umbali wa aliyejitenga huonekana kwa ukubwa wake wote.

Kwenye mvua ndipo kosa hili linapoumiza zaidi. Mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Meru hadi Embu, una misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa maeneo ya chini huitegemea zaidi vuli. Katika rekodi ndefu za vuli za Afrika Mashariki kuna miaka ya mafuriko makubwa, hasa 1961 na 1997. Mvua haiwezi kushuka chini ya sifuri lakini kwa juu haina dari, kwa hiyo miaka ya mafuriko hukaa mbali sana upande mmoja. Kipeo cha pili kikiikuta miaka hiyo, mkengeuko sanifu hupanuka. Na kwa kuwa kipimo hiki hakitofautishi juu na chini, upana uliotokana na mafuriko hutumiwa kupima ukame. Msimu uliokausha mahindi ya mtu huandikwa kuwa uko ndani ya mkengeuko mmoja wa wastani. Maji ya mwaka 1997 yamefanya ukame wa miaka mingine uonekane mdogo kwenye karatasi, na maamuzi ya msaada huanzia kwenye karatasi. Robo hazifanyi dhuluma hiyo, kwa kuwa umbali kutoka mediani hadi robo ya chini hupimwa peke yake, na ule wa kwenda juu peke yake. Wataalamu wa hali ya hewa wa ukanda huu wanalijua jambo hili: utabiri wa msimu wa kituo cha IGAD, ICPAC, hugawa miaka kwa mpangilio katika theluthi tatu, chini ya kawaida, karibu na kawaida na juu ya kawaida. Ajabu ni kwamba ripoti zinazonukuu utabiri huo hurudi kwenye mkengeuko sanifu ukurasa unaofuata.

Mkengeuko sanifu una mahali pake pa haki. Varianzi za vitu visivyotegemeana hujumlishika, jambo ambalo masafa ya robo na mkengeuko wa kimediani haviwezi. Kampuni ya bima inayotakiwa kulipa hasara zote za mwaka haina anasa ya kupuuza hasara moja kubwa; jumla ndiyo inayolipwa, na katika jumla hasara hiyo imo kwa ukubwa wake kamili. Makosa ya mizani nzuri ya maabara, ambayo kweli hukaribia umbo la kengele, hupimwa vyema kwa mkengeuko sanifu. Kinachopingwa ni kuutumia pasipo kuuliza swali lolote, hasa pale ambapo lengo ni kuwaeleza watu jinsi wao wenyewe wanavyotofautiana.

Vipimo stahimilivu navyo vina mipaka. Zaidi ya nusu ya namba zikilingana, mkengeuko wa kimediani ni sifuri, hata nyingine zitofautiane vipi. Mvua ya siku moja moja ya Isiolo ni mfano: siku zisizo na tone ni zaidi ya nusu ya mwaka, na kipimo hicho kitasema hakuna mtawanyiko wowote. Hapo hutenganishwa maswali mawili, ni siku ngapi zilinyesha, na katika zilizonyesha tofauti ilikuwa kiasi gani. Bei za miraa za Igembe na Tigania huko Meru zina mtego mwingine. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ikafunga soko lake Machi 2020 na kulifungua Julai 2022. Bei za miaka kumi zikirundikwa pamoja ni bei za masoko tofauti yaliyofuatana, wala hazina kundi moja la kawaida lililochafuliwa na siku chache. Hakuna kipimo cha mtawanyiko, stahimilivu au sanifu, kinachoweza kusema la maana kuhusu rundo hilo kabla halijagawanywa kwa tarehe.

Tena, data zikiwa na umbo la kengele kamili, ufanisi wa mkengeuko wa kimediani ni asilimia 37 tu ya ule wa mkengeuko sanifu. Kwa sampuli ndogo na safi hiyo ni hasara ya kweli. Lakini hasara hiyo nayo ilipatiwa dawa. Mwaka 1993 Peter Rousseeuw na Christophe Croux walitoa vipimo viwili, Sn na Qn, vinavyotazama umbali kati ya kila jozi ya namba badala ya umbali kutoka katikati. Vyote viwili huvumilia uharibifu hadi karibu nusu ya data, na ufanisi wake ni asilimia 58 na 82. Kwa Qn, bima dhidi ya sifuri ya karani na dhidi ya Nairobi inagharimu chini ya moja ya tano ya uhakika, na hulipwa pale tu data zinapokuwa safi kabisa.

Inabaki hoja ya urahisi, kwamba kikokotoo kina kitufe cha mkengeuko sanifu na hakina cha vingine. Ilikuwa na uzito zamani. Masafa ya robo na nusu yake tayari yamo katika mada ileile ya Hisabati ya Kidato cha Nne inayofundisha mkengeuko sanifu, na mwanafunzi wa Kinoru huyapata kwa kuchora mkunjo wa marudio limbikizi bila kikokotoo chochote. Mkengeuko wa kimediani haumo katika mada hiyo, ingawa unahitaji hesabu nyepesi kuliko ya vipeo. Katika programu yoyote ya lahajedwali, safu ya kwanza huwekwa data, seli moja huwekwa mediani yake, safu ya pili huwekwa tofauti kati ya kila namba na mediani hiyo ikiondolewa alama ya kutoa, na seli nyingine huwekwa mediani ya safu ya pili. Jibu huzidishwa kwa 1.4826 na kuandikwa kando ya mkengeuko sanifu. Namba hizo mbili zikikaribiana, yoyote kati yao inafaa kuripotiwa. Zikiachana kama zilivyoachana 404,000 na 686,000 katika jedwali la sensa, ripoti inapaswa kutaja zote mbili na kuitaja kaunti iliyoziachanisha.